Risiti Saba za Sevisi, na Gari Linalotetemeka Likikata Kona

Gari lenyewe ni SUV ya viti saba: injini ya petroli ya lita 2.0 yenye tabo, nozeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, gia otomatiki, na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne unaojiingiza wenyewe unapohitajika. Lilinunuliwa jipya. Sasa lina miaka 6 na odomita inasoma kilomita 71,000. Linabeba familia ya watu watano kila siku, na mara chache kwa mwaka linakwenda safari ndefu, limejaa watu na mizigo mpaka dirisha la nyuma halionekani.

Lilifika gereji na malalamiko matatu. La kwanza: usukani ukikatwa mpaka mwisho, kwa mfano gari linapotoka kwenye maegesho yenye nafasi finyu, sehemu ya nyuma hutetemeka na matairi hulia kana kwamba yanaburuzwa. La pili: katika safari ya mwisho, taa ya mfumo wa magurudumu manne iliwaka kwenye dashibodi, kisha ikapotea gari lilipozimwa na kuwashwa tena. La tatu ndilo lililowatia hofu. Katika safari hiyohiyo, mwishoni mwa mteremko mrefu, pedali ya breki ilizama kuliko kawaida. Baada ya mapumziko ya nusu saa ikarudi ilivyokuwa, na tangu hapo haijarudia.

Pamoja na gari ilikuja bahasha yenye risiti saba za sevisi. Zote ziko katika mpangilio, na hakuna hata moja iliyochelewa kwa zaidi ya kilomita mia chache. Kitabu cha gari kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 au kila miezi 12, na familia hii ilikuwa ikifika kilomita 10,000 katika miezi 10 hivi. Mwenye gari alisema hawajawahi kuruka sevisi hata moja. Kwa risiti zile, alikuwa anasema kweli, na ndiyo maana kisa hiki kinafaa kuchambuliwa: si gari lililotelekezwa. Limeharibika mikononi mwa watu wanaolijali.

Kilichomo ndani ya bahasha

Ukizisoma risiti moja baada ya nyingine, unaona kazi ileile imefanywa mara saba. Oili, chujio la oili, «ukaguzi wa breki», maji ya kuoshea kioo, kuosha gari. Chujio la hewa limebadilishwa mara moja. Pedi za breki za mbele zimebadilishwa mara moja. Kwenye kilomita 58,000 yameandikwa matairi mawili mapya, yakafungwa mbele, baada ya moja kupasuka ubavuni. Basi.

Risiti tatu hazionyeshi hata aina ya oili iliyomiminwa. Zimeandikwa «oili, lita 5» tu. Kwenye nne zilizobaki kuna uzito (yaani mnato wa oili) wa aina mbili tofauti. Injini ya namna hii inadai daraja mahususi, na daraja la API SP (daraja la ubora wa oili la Taasisi ya Petroli ya Marekani) lililoanza mwaka 2020 liliwekwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya injini kama hizi: kuzuia mchanganyiko wa petroli usijiwashe wenyewe kabla ya plagi kutoa cheche wakati injini inazunguka taratibu na kubeba mzigo mkubwa, na kupunguza kuchakaa kwa mnyororo wa taimingi. Oili isiyojulikana daraja lake huenda ilikuwa nzuri, huenda haikuwa. Risiti isiyosema haimsaidii mtu.

Ila oili ndiyo iliyotunzwa vizuri kuliko vitu vyote katika gari hili. Tunapofungua kitabu cha gari (kilikuwa bado ndani ya plastiki yake, kwenye droo ya mbele ya abiria) tunakuta jedwali lenye mistari zaidi ya ishirini. Mafuta ya breki: kila miaka 2. Oili ya kapulingi ya magurudumu ya nyuma (kiungio kinachopeleka nguvu nyuma inapohitajika): miaka 3 au kilomita 60,000, kinachotangulia. Oili ya difu ya nyuma (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma): ikaguliwe, na ibadilishwe katika matumizi magumu. Plagi: kilomita 60,000. Chujio la hewa ya ndani: kila mwaka. Kuzungusha matairi: kila kilomita 10,000. Karibu mistari hii yote haina risiti. Kwa miaka 6 jedwali zima limekuwa likisomwa kwa mstari mmoja tu, ule wa kwanza.

Sidhani ni uzembe wa gereji peke yake. Stika inayobandikwa kwenye kioo baada ya kila sevisi ina namba moja: kilomita za kurudi. Taa ya ukumbusho kwenye dashibodi nayo inahesabu kitu kimoja, na yeyote anaweza kuirudisha sifuri kwa kubonyeza kitufe. Mapokezi ya gereji wanauliza «kilomita ngapi?» na mteja anajibu. Kila mtu katika mnyororo huo ametimiza wajibu wake kwa namba aliyopewa. Hakuna aliyekuwa na karatasi inayoonyesha kazi ambazo bado hazijafanywa.

Saa za injini

Kabla ya kugusa chochote tulivuta kijiti cha oili. Kiwango kilikuwa juu ya alama ya mwisho, si chini. Oili ilikuwa nyepesi kwenye vidole na ilinuka petroli. Familia ilikuwa imeliona jambo hili na kulifurahia: «gari hili halili oili kabisa». Ukweli ni kwamba oili ilikuwa inapungua kidogo kidogo kama katika injini yoyote, na nafasi yake ilikuwa inajazwa na petroli.

Jinsi inavyotokea si siri. Injini ikiwa baridi, kompyuta huongeza mafuta ili iwake vizuri. Sehemu ya mafuta hayo hugonga kuta baridi za silinda, hayaungui, na hupenya kando ya ringi za pistoni mpaka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini. Injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina tabia hii kuliko zile za zamani. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua kwa mafuta nao hugeuka maji humo humo. Injini ikishapata joto na kubaki na joto hilo kwa muda, petroli na maji hugeuka mvuke na kuvutwa tena kuunguzwa. Tatizo ni kwamba maji ya radieta hupata joto mapema, na mshale wa dashibodi unaonyesha kila kitu kiko sawa, huku oili ikichelewa nyuma. Gari hili lilikuwa linakwenda kilomita 4 kufikisha watoto shule, linazimwa, kilomita nyingine chache mpaka kazini, linazimwa. Jioni linarudi hivyohivyo, likisimama kwenye foleni injini ikiwa inawaka.

Kompyuta ya safari ilikuwa haijawahi kufutwa, na ilionyesha wastani wa mwendo wa kilomita 22 kwa saa. Hiyo ndiyo namba iliyonifungua macho kuliko msimbo wowote wa hitilafu tuliousoma baadaye. Kilomita 10,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya saa 450 za injini kufanya kazi. Gari jingine la aina hiyohiyo, linalokwenda barabara kuu kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, linamaliza kilomita 10,000 kwa saa 125. Stika zao zinafanana. Oili ya gari la kwanza imefanya kazi zaidi ya mara tatu na nusu, tena katika hali mbaya zaidi.

Watengenezaji wanalijua hili, ndiyo maana jedwali lina safu mbili: matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Ya pili inakata muda wa oili kwa nusu, kilomita 5,000 au miezi 6. Lakini wengi wakisoma «magumu» wanawaza jangwa, matope, na trela. Ukisoma maelezo madogo chini ya jedwali, unakuta: safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8, kusimama muda mrefu injini ikiwa inawaka, foleni wakati wa joto, vumbi, mizigo mizito. Hayo ndiyo maisha ya karibu kila gari la familia ninalolijua. Kwa maoni yangu safu hizo mbili zimepewa majina kinyume, na mtu anayenunua SUV kwa ajili ya shule, kazi na soko aanze na safu ya pili, aondoke humo akiwa na sababu.

Nyongeza ndogo kwa wanaopima oili nyumbani: gari la namna hii likitoka safari ndefu, kiwango kinaweza kushuka ghafla, kwa sababu petroli iliyokuwa ndani ya oili imetoka kama mvuke. Mwenye gari anaingiwa na wasiwasi kwamba kuna uvujaji. Kwa kawaida hakuna. Alichokuwa akipima wiki iliyotangulia hakikuwa oili tupu.

Mtetemeko wa nyuma

Hapa ndipo uchambuzi ulipotaka utulivu, maana mashine ya kusoma hitilafu ilikuwa tayari imetoa hukumu: joto kupita kiasi kwenye kapulingi ya nyuma, na umeme mwingi kuliko kawaida kwenye pampu yake. Fundi wa zamu alitaka kuagiza kapulingi nzima. Ni kifaa ghali kuliko karibu chochote kingine chini ya gari hilo, injini na giaboksi zikiwekwa kando. Msimbo wa hitilafu unasema ni wapi kompyuta ilihisi maumivu. Chanzo chake ni swali jingine.

Kapulingi yenyewe ni fungu la sahani za klachi ndani ya oili, lililokaa kati ya propela shafti na difu ya nyuma. Gari likienda mbele kwenye barabara kavu, sahani zimeachana na magurudumu ya mbele yanafanya karibu kazi yote. Kompyuta ikiona mteleko, au hata ikiukisia kabla haujatokea, inaamuru pampu ndogo ya umeme isukume oili, sahani zinabanana, na nguvu inakwenda nyuma. Gari likikata kona kali, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo sahani lazima ziteleze taratibu hata zikiwa zimebanana kidogo. Oili yake ina viongezo vinavyofanya mteleko huo uwe laini. Viongezo vikiisha, sahani hushikana, huachiana, hushikana tena, mara nyingi kwa sekunde. Mtetemeko ndio huo.

Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza alikuwa oili. Lakini kulikuwa na mshukiwa mwingine ambaye hakuhitaji hata kufungua boliti: matairi. Mawili ya mbele yalikuwa na kashata (meno ya mpira yanayogusa barabara) za milimita 7 na kidogo, ya nyuma chini ya milimita 4. Yalipofungwa yakiwa mapya, kwenye kilomita 58,000, tofauti kati ya mbele na nyuma ilikuwa karibu milimita 4.

Milimita 4 zinaonekana ndogo mpaka uzipigie hesabu. Tairi la 235/60R18 lina kipenyo cha milimita 739 hivi na mzingo wa takriban mita 2.32. Ondoa milimita 4 za kashata kila upande, kipenyo kinapungua milimita 8, na mzingo unapungua karibu sentimita 2.5. Katika kilomita moja, tairi dogo linazunguka mara 5 zaidi ya kubwa. Kwenye gari linalovuta kwa magurudumu mawili hilo si kitu. Hapa, kila mara kapulingi inapobana, mizunguko hiyo ya ziada haina pa kwenda ila kwenye sahani, na inageuka joto. Juu ya hayo, sensa za magurudumu zinaiambia kompyuta kwamba ya nyuma yanakwenda upesi kuliko ya mbele hata barabara ikiwa imenyooka. Watengenezaji wa magari ya aina hii huweka kikomo cha tofauti ya kashata kinachozunguka milimita 2 hadi 3, wengine chini ya hapo. Duka la matairi liliona SUV yenye tairi lililopasuka, likauza mawili. Na hata kama gari lingekuwa la kuvuta mbele tu, mawili mapya yangepaswa kwenda nyuma, ili likiteleza kwenye maji lisigeuke mkia.

Ni yupi basi, oili au matairi? Jibu langu ni kwamba kila mmoja alimharibu mwenzake. Oili ilikuwa tayari imepitwa na wakati kwa miaka, matairi yakaipasha moto zaidi. Kama kungekuwa na desturi ya kuzungusha matairi kila kilomita 10,000, yote manne yangechakaa sawasawa, na siku tairi moja lilipopasuka familia ingekuwa na uchaguzi rahisi: kununua manne, au kutafuta moja lililotumika lenye kashata zinazolingana na yale matatu. Kazi ya robo saa ambayo haina risiti hata moja kati ya zile saba.

Oili ya kapulingi ilitoka chini ya lita moja, nyeusi, yenye harufu ya kuungua. Chujio dogo mbele ya pampu lilikuwa limezibwa na unga na nyuzi za sahani, jambo linaloeleza kwa nini pampu ilikuwa inavuta umeme mwingi: ilikuwa inahangaika kunyonya. Hilo chujio si kila gereji inalitoa. Wengi humwaga oili na kujaza mpya, pampu inabaki ikinyonya kupitia uchafu uleule. Kwa kapulingi za namna hii, kubadilisha oili bila kusafisha chujio ni nusu ya kazi.

Breki zilizosemekana ni nzima

Kila risiti ilikuwa na maneno «ukaguzi wa breki – sawa». Pedi zilizoonekana kwa nje zilikuwa nene, diski hazina michirizi mikubwa, na pedali gereji ilikuwa ngumu. Mtu anayekagua breki kwa macho angesema hivyohivyo leo.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu kutoka hewani, kupitia mipira na kifuniko cha kopo lake, polepole, gari likitembea au likilala. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili nyuzi 230 za Selsiasi bila kuchemka. Yakishanywa maji mpaka kiwango cha kipimo, karibu asilimia 3.7, kinachotakiwa ni angalau nyuzi 155. Haya yalikuwa na miaka 6, wakati kitabu kinataka miaka 2. Kipimo cha kuchemsha tulichokifanya kilikaribia kabisa ile namba ya chini.

Sasa weka gari hilo juu ya mteremko. Likiwa na watu watano na mizigo, uzito wake ni kama kilo 2,300. Likishuka mita 600 kwenda chini, linalazimika kuondoa joule milioni 13 na nusu za nishati, joto la kutosha kuchemsha lita 40 za maji ya bombani. Upepo na injini huchukua sehemu yake. Zilizobaki huingia kwenye diski nne. Gia ilikuwa kwenye D njia nzima, kwa hiyo injini ilisaidia kidogo kuliko ambavyo ingeweza. Pini za kaliper (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) ya nyuma kushoto zilikuwa zimekauka na kaliper haitelezi, pedi moja ilibaki na milimita 3 na mwenzake 7, maana yake gurudumu hilo lilikuwa likijisugua hata mguu ukiwa nje ya pedali. Mafuta karibu na kaliper hiyo yakachemka. Mvuke, tofauti na kimiminika, hubanika, na pedali ikazama. Baada ya nusu saa mvuke ukarudi kuwa mafuta na ushahidi ukapotea. Ndiyo maana hitilafu hii haionekani gereji, na ndiyo maana ratiba inaipangia miaka badala ya kusubiri dalili. Dalili yake inatokea mahali ambapo huwezi kuipokea.

Kati ya yote yaliyokutwa, hili ndilo lingeweza kuua, na ndilo lilikuwa rahisi kuliko yote kulizuia.

Nani alisikia, nani alipeleka

Mke ndiye anayeliendesha kila siku. Mume ndiye anayelipeleka gereji, siku za mapumziko, kwa barabara iliyonyooka. Yeye hakuwahi kuusikia mtetemeko, kwa sababu hakati usukani mpaka mwisho mahali popote kati ya nyumbani na gereji. Mke alikuwa ameusikia kwa miezi mingi na akadhani magari makubwa ndivyo yalivyo. Mtoto anayekaa kiti cha safu ya tatu, moja kwa moja juu ya difu, ndiye aliyeusikia vizuri kuliko wote. Alikuwa akisema gari linanguruma, na watu wazima wakacheka.

Hakuna fomu ya gereji inayouliza «nani anaendesha gari hili, na wapi?» Tulipomwomba mama mwenyewe aje na aliendeshe mbele ya fundi, mtetemeko ulipatikana kabla hawajatoka getini.

Kilichofanywa na kilichoachwa

Breki kwanza: mafuta yote yakabadilishwa, pini za kaliper zote nne zikasafishwa na kupakwa grisi yake, pedi za nyuma zikawekwa mpya. Halafu matairi manne ya aina moja. Kisha oili ya kapulingi pamoja na chujio lake, na oili ya difu kwa kuwa tulikuwa pale pale. Oili ya injini yenye daraja lililoandikwa kitabuni, chujio lake, na plagi, ambazo nafasi zake zilikuwa zimepanuka. Chujio la hewa ya ndani lilikuwa limejaa majani na vumbi, na hapo likaeleweka lalamiko la nne ambalo hawakulitaja kwa sababu walishalizoea: vioo kujaa ukungu na kiyoyozi kupuliza kwa shida.

Giaboksi ilihitaji uamuzi. Kitabu hakitaji muda wa kubadilisha oili yake katika matumizi ya kawaida, lakini safu ya matumizi magumu inautaja, na tumeshaona gari hili liko safu ipi. Tulimwaga na kujaza, bila ile mashine ya kusukuma oili kwa nguvu ambayo baadhi ya gereji huisifia. Sioni faida ya kukoroga uchafu uliotulia kwa miaka. Giaboksi hii haina kijiti, na kiwango chake hupimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa katika joto maalumu, karibu nyuzi 40. Fundi anayejaza kwa kukadiria, oili ikiwa ya moto sana au baridi, anaiacha pungufu au imezidi, na gari linaanza kugonga gia wiki inayofuata. Wengi wanaosema «nilibadilisha oili ya giaboksi ikafa» ukiwauliza joto la oili siku hiyo hawana jibu.

Maji ya radieta hatukuyagusa. Ni ya muda mrefu, ratiba yake iko mbali, na yalipopimwa yalikuwa mazima. Dawa ya kusafisha injini kabla ya kumwaga oili tuliikataa, haimo kitabuni. Kufuata ratiba ni pamoja na kukataa kisichokuwemo, na familia inayotoka kwenye hofu ya breki hukubali chochote inachouziwa.

Tairi la akiba lilikuwa chini ya sakafu ya nyuma, halijawahi kushushwa. Ni lile dogo la muda, linalotakiwa kuwa na upepo wa kilopaskali 420. Lilikuwa na 150. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na hili lilikuwa na umri wa gari lenyewe. Lilijazwa na kurudishwa, pamoja na onyo: likifungwa kwenye gari hili liende taratibu na umbali mfupi tu, maana kipenyo chake si sawa na mengine, na kapulingi haitajua kwamba ni la muda.

Ratiba iliyobaki nyumbani

Wameondoka na karatasi moja iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati, siyo kwenye kioo cha gari. Kila kazi ya jedwali ina mstari wake, na kila mstari una nafasi tatu: mara ya mwisho ilifanyika lini na kwenye kilomita ngapi, inarudi lini, na inarudi kwenye kilomita ngapi. Mistari ambayo haijawahi kufanywa imeachwa wazi kwa makusudi. Nafasi tupu huonekana kuliko risiti iliyojaa.

Oili sasa ni kila miezi 6 au kilomita 5,000, na kwa mwendo wao kilomita ndizo zitakazotangulia, kwenye miezi 5 hivi. Matairi yanazungushwa siku hiyohiyo, kwa kuwa gari liko juu ya jeki tayari. Mafuta ya breki yamefungwa na miaka, hayana habari na odomita. Kabla ya safari ndefu upepo wa matairi unapandishwa kwa ile namba ya pili kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva, ya gari likiwa limejaa. Walikuwa hawajui kwamba kuna namba mbili. Na anayelipeleka gereji ni yule anayeliendesha, au waende wote wawili.

Mtetemeko umepotea kwenye kona zote isipokuwa moja: asubuhi, oili ikiwa bado baridi, usukani ukikatwa kabisa kurudi nyuma, bado kuna mguno mfupi. Taa haijawaka tena na umeme wa pampu umerudi kiwango chake. Fundi wa zamu anaamini sahani zimeshaungua usoni na kapulingi itahitajika tu. Mimi naona oili ya kwanza imeosha uchafu na sasa inaubeba, kwa hiyo tumekubaliana imwagwe tena baada ya kilomita 5,000, siku moja na oili ya injini, na kilichoganda kwenye sumaku inayonasa chuma kitazamwe. Kikiwa unga laini, kapulingi inabaki. Yakiwa mapande, fundi ataagiza alichotaka kuagiza tangu mwanzo.